Chupa Iliyorudi Kwenye Orodha

Kazi yangu ilikuwa kukata. Watu wengine hulipwa kuunganisha. Mimi nililetwa Tabora kukata mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta, makusudi kabisa, kisha kuyarudisha na kutazama kama bado zinakumbuka jambo moja au kila moja ina hadithi yake. Nikimweleza mtu mjini, aliguna kwa adabu. Fundi cherehani aliyenipunguzia sketi aliniuliza, "Kwa hiyo unaharibu, halafu?" Nikamwambia halafu natazama. Akasema, "Basi ni kazi nzuri," kwa sauti ile ambayo watu humwambia mgonjwa kwamba leo amependeza.

Kazi yenyewe niliifanyia stoo. Sisemi stoo kwa dharau. Ilikuwa stoo ya vyandarua, na vyandarua vilikuwamo bado, marobota hadi darini, yameziba dirisha pekee la chumba kile. Mkubwa wa ofisi alisema hayaguswi mpaka barua itoke. Barua haikutoka. Nilikaa humo tangu mwanzo wa Oktoba, chini ya taa ndefu inayolia, mbele ya meza yenye kompyuta tatu. Moja ilisimama badala ya ofisi yetu ya mjini, ya pili badala ya kituo chetu cha upande wa Isikizya, na ya tatu badala ya zahanati yetu ya mbali kabisa, kusini, kwenye mapori ya walina asali.

Ndani ya kompyuta hizo kulikuwa na orodha moja tu: dawa ya nyoka. Taasisi iliyoniajiri ilikuwa na chupa chache mno, imezigawa kwenye vituo hivyo vitatu, kila chupa na namba yake. Mtu akiumwa na nyoka, mhudumu popote alipo anafungua skrini, anaona chupa iliyo karibu iko wapi, na mgonjwa anapakiwa kwenye pikipiki kwenda huko. Kila kituo kina nakala yake ya orodha, ili mtandao ukikatika wahudumu waendelee kufanya kazi, na mtandao ukirudi nakala zilinganishwe ziwe kitu kimoja. Zisipokuwa kitu kimoja, mtu aliyevimba mkono mpaka begani anasafirishwa kwenye mchanga kwenda kufungua jokofu tupu. Hayo niliambiwa siku ya kwanza. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mkataba wangu ulikuwa na mwisho mmoja: saini. Nikisharidhika kwamba mtandao ukatike utakavyokatika, orodha itarudi kuwa moja, nasaini na kwenda zangu. Nilikuwa na haraka ya kwenda zangu. Mwanangu wa kike, miaka sita, nilimwacha Morogoro kwa dada yangu, na shule zikifunguliwa Januari alikuwa aanze darasa la kwanza. Nilimwahidi kwamba nitampeleka mwenyewe, nimshike mkono hadi mlangoni mwa darasa. Ahadi hiyo niliitoa Oktoba, wakati Januari ilionekana mbali.

Nililala Kwihara kwa shangazi yangu, si mbali na makumbusho. Kila asubuhi nilishika barabara ile ile ambayo wapagazi waliipita na pembe vichwani kuelekea pwani, na kila mtalii aliyepotea aliniuliza kama ndiyo yenyewe. Ndiyo yenyewe. Minara ya simu nayo imeifuata. Wapagazi angalau walikuwa wanaondoka. Mimi nilikwenda stoo, nikarudi Kwihara, nikaenda stoo.

Nilikata kwa kila namna niliyoijua. Nilikata kompyuta moja ikabaki peke yake. Nilikata upande mmoja tu, ili moja isikie mwenzake lakini yenyewe isisikike, kwa sababu mitandao ya huku hupenda sana ugonjwa huo. Nilikata katikati ya sentensi, kompyuta ikiwa imeandika nusu ya habari. Nilipunguza kasi mpaka ujumbe mmoja ukachukua muda wa kunywa chai kikombe kizima. Kisha nikafungua na kulinganisha orodha tatu, chupa kwa chupa. Zilikubaliana. Zilikubaliana kila mara, na nilianza kuzichukia kwa kukubaliana huko, kwa sababu nje ya stoo mambo yalikuwa tofauti.

Nje, chupa zilikuwa zinafufuka. Ya kwanza, mwezi wa Novemba, ilikuwa namba kumi na saba, ya zahanati ya kusini. Ilitumika kwa mama mmoja aliyeumwa shambani, na siku mbili baadaye, mtandao uliporudi, orodha ikaionyesha imo kwenye jokofu, nzima, haijaguswa. Nikatafuta kosa wiki nzima. Kisha chupa nyingine ya kituo hicho hicho ikatumika wakati mtandao umekatika, na hiyo ikafutika vizuri kabisa. Kosa linalotokea kila siku ni rafiki yako. Hili lilikuja likaondoka, na nikiliita stoo halikuja.

Mratibu wa mradi alikuwa Dar es Salaam, na alinipigia kila Jumatatu. Si mtu mbaya. Ana sauti ya mtu ambaye simu nyingine inamsubiri.

"Dada, mashine zinakubaliana au hazikubaliani?"

"Huku stoo zinakubaliana."

"Basi kosa ni la anayezitumia."

Novemba nilimbishia sana. Desemba ubishi ulipungua. Mvua zilikuwa zimeanza, stoo inanuka unyevu wa vyandarua, na mlango ulivimba ukawa unafunguka kwa bega. Jioni nilimpigia mwanangu, akinieleza viatu vyake vipya vya shule: vyeusi, vina kifungo cha kubandika, havivaliwi mpaka siku yenyewe. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa pia na hasira, na hasira hiyo ilihitaji mtu wa kumwangukia.

Wiki ya Krismasi akaletwa mlina asali mmoja kwenye ofisi ya mjini, ameumwa mkononi akitoa mzinga. Mtandao ulikuwa umerudi siku iliyotangulia. Wenzake walipompata porini, walimpigia simu mhudumu wetu, mhudumu akatazama orodha, akawaambia zahanati ya kusini iko karibu na ina chupa. Wakaenda. Nesi wa pale akawaonyesha jokofu: chupa hiyo ilitumika tangu Jumanne. Wakageuza pikipiki kuja mjini. Alipona, namshukuru Mungu, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikupona.

Mratibu alitaka maelezo siku hiyo hiyo. Nikayaandika. Niliandika kwamba mfumo umejaribiwa kwa kila aina ya kukatika kwa mtandao na haukupoteza habari, na kwamba chupa ile haikufutwa kwa sababu ya uzembe wa mtumiaji. Maneno hayo, uzembe wa mtumiaji, niliyaandika bila kumuuliza mtumiaji. Chini yake nikaweka saini niliyokuwa nimeisubiri tangu Oktoba. Nilikata tiketi ya basi la Jumamosi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu yake, na shangazi akaanza kunifungia karanga na asali za kupeleka Morogoro.

Ilibaki kuchukua kifaa changu kimoja cha kupimia mtandao, nilichokiacha zahanati ya kusini. Alhamisi asubuhi dereva wa ofisi akanipeleka. Mawingu yalikuwa yametanda siku tatu, na huko mnara ulikuwa umezimika tangu Jumanne. Tulifika jua limeanza kutoka mawinguni.

Nesi alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, Oktoba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekuja kuninyang'anya na hicho kisanduku?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Aliniketisha, akatoa daftari lake kubwa, akafungua katikati. Humo mlikuwa na barua iliyokunjwa mara nne. Barua ya onyo. Alinisomea taratibu, na alipofika kwenye uzembe wa mtumiaji alisimama, akasafisha miwani kwa kanga.

"Miaka yote niliyofanya kazi hii sijapewa barua," alisema. "Tazama mwenyewe. Chupa niliiandika hapa, nikaiandika na kule kwenye mashine. Nilibonyeza. Ikakubali. Sasa uzembe ni upi?"

Kwenye daftari ilikuwapo: namba ya chupa, jina la mgonjwa, Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, imekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Mama, maneno hayo ni yangu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeyaandika."

Alinitazama kidogo. "Basi yafute," akasema, akainuka kuwasha mashine, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kuzipa sola nguvu.

Kompyuta yake ilikuwa imezimika kwa mawingu yale. Betri ndogo ya ndani, ile inayotunza saa, ilikufa zamani, kwa hiyo kila ikiwaka baada ya kuzimika ilikuwa haijui leo ni lini. Mtandao ukiwapo, ilichukua saa kutoka mtandaoni yenyewe. Usipokuwapo, iliuliza. Ikauliza: Weka tarehe. Akaandika tarehe, sawasawa. Ikauliza: Weka saa. Akainua mkono, akatazama saa yake.

"Saa nne na dakika tano," alisema, akaandika 4:05.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilisoma 4:05 na sikuona kosa lolote. Hili linaniuma zaidi ya yote: nililiona kosa nililolitafuta miezi miwili, kwa macho yangu, mchana kweupe, nikaona ni sawa kabisa, maana kweli ilikuwa saa nne na dakika tano. Nilikunywa chai yake. Ni pale nilipotoa simu kuangalia kama kuna mtandao ndipo nikaona tarakimu za simu: 10:20. Nikatazama skrini: 4:20. Kikombe nilikiweka nusu mezani, nusu hewani, kikaanguka.

Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na mashine huhesabu tangu katikati ya usiku. Tunaruka kutoka hesabu moja kwenda nyingine siku nzima bila kujitambua; saa ya mkononi inaonyesha kumi, mdomo unasema nne, na hakuna anayechelewa kazini. Lakini kanuni ya mfumo wetu ilikuwa kwamba habari mbili zikipingana, ya baadaye inashinda. Kila asubuhi saa mbili, yaani nane ya mashine, mtandao ukiwapo, ofisi ya mjini ilithibitisha orodha nzima: chupa hii ipo, na hii ipo. Mtandao ukikatika baada ya hapo na mama huyu akatumia chupa saa nne na nusu siku hiyo hiyo, mashine yake iliandika imetumika saa 4:30. Mtandao ukirudi, habari mbili zikapimwa: ipo, saa 8:00; imetumika, saa 4:30. Nane inaipita nne. Ipo ikashinda, chupa ikafufuka, na saa ya kompyuta ikajirekebisha yenyewe kimyakimya kutoka mtandaoni, hakuna alama iliyobaki. Chupa ikitumika alasiri, saa yake iliyopungua sita bado iliipita nane, ndiyo maana hazikurudi zote. Na stoo kwangu, umeme ulikuwapo na saa za kompyuta tatu zilikuwa sahihi kama za redioni. Nilikata kila kitu isipokuwa saa.

"Mama, tangu lini inakuuliza hivi?"

"Zamani iliuliza kwa Kiingereza. Nilikuwa naiacha, nampigia fundi wa mjini. Tangu Novemba inaniuliza kwa Kiswahili, basi naijibu mwenyewe." Alisema kwa fahari.

Novemba. Mimi ndiye niliyeigeuza. Siku moja stoo, nimechoshwa na kompyuta zinazokubaliana, nilitafsiri skrini zote kwa Kiswahili ili wahudumu wasihangaike. Hakuna aliyenituma. Nilijisifu kwa dada yangu kwenye simu. Kisha nikamwandikia onyo mwanamke kwa sababu ameulizwa kwa lugha yake na akajibu kwa lugha yake.

Tukaanza safari ya kurudi. Karibu na barabara kuu mtandao ukashika, nikamwambia dereva asimame, nikampigia mratibu nikiwa nimekaa ndani ya gari. Alielewa haraka. Ana akili, nilishasema si mtu mbaya.

"Safi sana, dada. Tutawatumia ujumbe waweke saa ya kizungu. Imekwisha."

"Mtu mmoja akisahau siku moja, haijaisha."

"Wewe una basi Jumamosi, siyo? Panda basi lako. Mengine yatarekebishwa toleo lijalo."

"Lini?"

"Mwakani mwishoni. Sikiliza. Saini yako imeshakwenda kwa wafadhili. Ukiifuta, mfumo unasimama, wahudumu wanarudi kwenye simu na daftari, na wewe hutoki hapo mpaka kila kitu kijaribiwe upya. Hakuna mwingine wa kuifanya. Na hakuna anayejua ila sisi wawili."

"Na nesi."

"Nesi anajua nini?"

Nilimwambia nitampigia. Dereva alishuka akajifanya anatazama tairi. Nilikaa pale nikamchukia kila mtu. Nilimchukia mratibu kwa kuniachia mlango wazi. Nilimchukia mama wa watu kwa kuwa na daftari safi namna ile. Nilimchukia, kwa kitambo kidogo ambacho sijawahi kumweleza mtu, hata mtoto wangu mwenyewe, kwa viatu vyake ambavyo havijavaliwa. Laiti wangenifungia mlango huo, ningelia na kusingizia. Lakini hakuna aliyenifungia. Tiketi ilikuwa kwenye pochi, na basi lingeondoka na mimi au bila mimi. Nilitamani kupanda kiasi kwamba miguu iliniuma. Na nilijua kwamba nikimfikisha mwanangu mlangoni mwa darasa nitakuwa nimemshika mkono huku nasikiliza pikipiki ikielekea kusini.

Nikafuta saini. Sikuwa na ujasiri wowote. Sauti ilitetemeka na mratibu akadhani mtandao ni mbaya. Nikaomba pia barua ya onyo ifutwe kwa maandishi, na iandikwe kwamba kosa ni la mtafsiri. Alisema hilo ni la idara nyingine. Nilimwandikia kila siku mpaka likawa la idara yake.

Jioni hiyo nilimwambia mwanangu. Nilitafuta maneno rahisi. Nilimwambia kuna mashine inadanganya watu wanaoumwa na nyoka na mama lazima aikamate. Akauliza kama nyoka wenyewe niliwaona. Nikasema hapana. Akasema, "Haya," akampa dada simu. Jumatatu dada alinitumia picha. Viatu vilikuwa vimefungwa vizuri.

Nikarudi stoo. Safari hii nilikata mtandao na kuvuruga saa pamoja: nyuma saa sita, mbele saa sita, mwaka wa nyuma, mwezi ambao haujafika. Kompyuta zile zilizokubaliana miezi mitatu zikaanza kugombana, na chupa zikafufuka mezani kwangu nilivyotaka. Nililia siku ya kwanza zilipogombana, na sijui kilikuwa kilio gani. Mwishowe tukaiondoa saa kwenye uamuzi kabisa. Kila habari mpya ikawa inabeba ndani yake habari ambayo mwandishi wake alikuwa ameiona kabla, ili mashine iache kuuliza lini, iulize baada ya nini. Mama wa zahanati akiweka nne, akiweka kumi, akiweka lolote, chupa iliyokufa ikabaki imekufa. Ilichukua Januari na Februari yote, na Machi ikaingia nikiwa bado najaribu upya kila kitu, peke yangu, kama mratibu alivyosema.

Kwenda Morogoro na kurudi ni siku nne. Ningeweza kuziomba. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo, nikimaliza jaribio hili, na kila jaribio lilizaa jingine. Sitaki kusema nilizuiwa.

Jumapili moja ya Machi nilipiga simu alasiri. Mwanangu aliishika mwenyewe. Alinisomea herufi alizofundishwa, akizunguka uani huku anaongea, nikisikia pumzi zake na kuku wakikimbia mbele yake. Alikuwa amefika kwenye silabi za "ma" nikasikia kishindo. Alikuwa amejikwaa kwenye ngazi ya baraza. Kisha kilio kikubwa.

"Mama!"

"Nipo, mwanangu," nikasema. "Nipo hapa."

Simu ilikuwa imeshadondoka chini. Nikasikia kandambili za dada zikija mbio, na dada akisema maneno yale yale, nipo, mwanangu, nipo hapa, na kilio kikaanza kupungua. Sikuita tena. Alikuwa ameshampata aliyemwita.